Dohani huuawa na mvua, si moto

Baridi ya Juni ikishika Njombe, Lushoto, Limuru na kwingineko milimani, habari za watu waliolala na jiko la mkaa wasiamke huanza kusikika, na mabishano hufuata. Mmoja atasema wangekuwa na nyumba yenye chimni yasingewakuta. Mwingine atajibu kwamba yeye anayo, na kila akiwasha moto sebule inageuka banda la kukaushia samaki. Wa tatu ameshaiziba ya kwake kwa tofali na kuweka televisheni mbele. Wote watatu wanasema juu ya kitu ambacho hawajawahi kukitazama ndani, nami nilikuwa mwenzao mpaka miaka michache iliyopita.

Tuanze na majina. Kiswahili kina neno zuri la zamani, dohani, linalotumika hata kwa bomba la moshi la meli. Mtaani tunasema chimni, au bomba la moshi. Hapa nitaita dohani jengo zima linaloanzia juu ya moto hadi juu ya paa. Meko ni pale kuni zinapowaka. Na koo ni ule uwazi wa ndani unamopita moshi. Tenganisha dohani na koo kichwani mwako tangu sasa, maana dohani inaweza kupigwa lipu na rangi ikapendeza huku koo limeoza, kama jino lililoliwa kwa ndani.

Dohani haina feni wala mota. Inaendeshwa na joto tu. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi kuliko hewa ya baridi iliyoizunguka, inapanda, na ikipanda inaivuta hewa ya chumbani iingie mekoni kushika nafasi yake. Mvuto huo ndio unaopeleka moshi nje. Koo likiwa refu na la moto, mvuto unaongezeka. Likiwa fupi, limepoa au linavuja, unapungua.

Chukua mrija wa dafu. Mrija mzima, ukivuta kidogo tu maji yanafika mdomoni. Mrija wenye ufa ubavuni utauvuta mpaka mashavu yaume, na utakachopata ni hewa. Ulioziba na nyama ya dafu hautoi chochote. Na hata mrija mzima, ukiuchomeka kwenye chupa kisha ukabana mdomo wa chupa pasipite hewa, utavuta mara mbili tatu kisha maji yatagoma, kwa kuwa hakuna kinachoingia kujaza pengo. Karibu matatizo yote ya dohani ni moja kati ya hayo: koo limetoboka, koo limeziba, au nyumba yenyewe imebanwa pumzi.

Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Nilipanga Njombe nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, yenye meko sebuleni. Kila nikiwasha, moshi ulipanda nusu dakika kisha ukageuka na kutujia usoni. Fundi wa kwanza akasema dohani ni fupi, akataka kuongeza kozi sita za tofali. Wa pili, mzee aliyewahi kujenga nyumba za aina hiyo, hakupanda hata darini. Alitazama madirisha ya alumini ambayo mwenye nyumba alikuwa ameyabadilisha karibuni, akatazama juu yake ambapo matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa lipu, akaenda kufungua dirisha moja kiasi cha vidole vinne. Moshi ulisita, ukayumba, kisha ukaingia kooni kama unaoitwa. "Nyumba yako imebanwa pumzi, mwanangu," akasema. "Kozi sita zingekula hela yako bure."

Nyumba za zamani za huku zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na madirisha yake ya mbao yalikuwa yanavuja hewa kila upande. Tukaleta alumini, tukashusha dari ya jipsamu, tukaziba matundu ili baridi isiingie. Yote mazuri, ila dohani bado inahitaji hewa ile ile iliyokuwa inaipata zamani. Ukiwasha na feni ya jikoni inayonyonya hewa kutoa nje, mbili hizo zinagombania hewa ya nyumba moja, na feni ndiyo inayoshinda. Kabla hujamlipa mtu kubomoa chochote, jaribu dirisha. Dirisha likikutibia, pengine huna ugonjwa wa dohani.

Urefu nao una kanuni yake, ingawa ni mara chache ndio tatizo la nyumba ambayo zamani ilikuwa inavuta vizuri. Kanuni inayotumika sana Marekani inasema dohani izidi paa kwa angalau sentimita 90 pale inapolitoboa, na izidi kwa angalau sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka ilipo. Sababu ni upepo: ukivuka kitu kirefu hushuka upande wa pili kama maji yanavyoporomoka kwenye jiwe, na ukishukia mdomo wa dohani unausukuma moshi urudi. Kwa hiyo kama umeongeza chumba cha juu, au mti uliokuwa mche sasa umepita paa, na moshi ukaanza kurudi siku za upepo tu, unajua pa kutazama.

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko hela nyingi za ukarabati huishia.

Ukimtajia mtu dohani anawaza moto. Lakini tofali la kuchoma limezaliwa motoni, na tanuru lililolichoma lilikuwa kali kuliko meko yako itakavyokuwa siku yoyote ya kawaida. Kinachoimaliza dohani ni mvua. Fikiria ilivyosimama: ndiyo sehemu pekee ya ukuta wa nyumba isiyo na paa. Pande zote nne zinapigwa na mvua, na mdomo wake umeachama kuelekea mawinguni.

Juu kabisa, kuzunguka mdomo, huwa kuna sahani ya zege iliyowekwa ili maji yateremkie nje. Ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia na kukaa ndani ya matofali. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini maji hayo yanaganda wakati wa baridi, na maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, yanalipasua tofali kutoka ndani. Sisi hatuna hiyo kwa kiwango hicho. Tunachonacho ni miezi ya mvua mfululizo, kisha jua kali, kisha moto kutoka ndani, na maji yanayokutana na masizi kooni. Masizi yakilowa yanatoa maji machungu yenye asidi, yanayokula udongo wa kuunganishia tofali kidogo kidogo. Ukisikia harufu kali ya majivu ya zamani sebuleni siku ya mvua, na hujawasha moto kwa miezi, ni maji yameshafika kooni.

Pahala pa pili ni pale dohani inapokutana na bati. Bati linatanuka juani na kunywea usiku. Tofali halifanyi hivyo, au linafanya kwa mwendo wake. Kwa hiyo haviwezi kuunganishwa kwa kupakwa kitu kigumu. Kazi inayotakiwa ni bati la maungio, ambalo mafundi wanaliita flashingi: kipande kinakunjwa, ukingo wake unachomekwa ndani ya mstari wa udongo kati ya tofali na tofali, na kipande cha juu kinalala juu ya cha chini kama magamba ya samaki. Badala yake tunapakiwa lami au silikoni. Inashika msimu mmoja, pengine miwili. Kisha doa la kahawia linatokea darini karibu na dohani, tunaliita "unyevunyevu", tunabadilisha kipande cha jipsamu na kupaka rangi. Nyumba niliyopanga ilikuwa imepakwa rangi mahali hapo mara tatu. Ungeweza kuzihesabu kwa kuangalia kingo zake. Hela ya rangi tatu ingetosha flashingi na chenji ikabaki.

Na ndege nao wamo. Wanadondosha mbegu za mtini mwitu kwenye nyufa, mche unaota, na mzizi ambao mwaka wa kwanza ungeung'oa kwa vidole viwili, baada ya miaka mitano unasukuma tofali nje ya mstari. Mbayuwayu, popo na nyuki hupenda koo lisilowashwa. Vyote hivi vinazuiwa na kofia, yaani kipaa kidogo cha bati juu ya mdomo chenye wavu pembeni. Ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kwenye dohani, na ndicho kinachokosekana mara nyingi.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu shule ya msingi, ila haikutuambia ni ufa upi. Nyufa ndogondogo kwenye lipu, zilizotapakaa kama ramani ya mito, kwa kawaida ni za lipu tu. Zinahitaji kuzibwa maji yasiingie, lakini hazikutoi usingizini. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata mistari ya udongo, au dohani inayoanza kuachana na ukuta wa nyumba ukaona mwanga katikati, huo ni msingi unazama na hauzibwi kwa mwiko, mtafute mhandisi. Ufa wa kooni, hata kama ni mdogo, ni amri ya kuacha kuwasha moto. Moto na hewa yenye sumu vinapitia hapo kuingia darini, ambako zipo mbao za kenchi. Mbao zikikaa karibu mno na dohani huokwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mbao iliyookwa hivyo inaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Kanuni za Marekani zinataka angalau sentimita 5 za uwazi kati ya mbao na dohani ya tofali iliyomo ndani ya nyumba. Panda darini na tochi uangalie ya kwako. Nimeona kenchi iliyoegemezwa kabisa kwenye dohani, eti inaisaidia kusimama.

Kosa moja la ukarabati lina wapenzi wengi, na hufanywa na watu wenye nia njema. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa tofali laini na udongo wa chokaa. Udongo ule ni dhaifu kwa makusudi: ukuta ukicheza, udongo ndio unaokubali kupasuka, na unyevu hutokea hapo kwenda nje. Fundi wa leo anakuja na saruji tupu, kali, anaujaza kila mstari unaomomonyoka. Inapendeza mwaka mmoja. Baadaye maji yaliyoko ukutani, yakiwa hayana pa kutokea kwenye saruji, yanatokea kwenye tofali, na tofali linaanza kubanduka uso kama andazi lililokauka. Unabaki na mistari ya saruji iliyosimama yenyewe na mashimo palipokuwa na tofali. Udongo wa kuzibia usiwe mgumu kuliko tofali lenyewe. Fundi akikwambia saruji nyingi ndiyo uimara, mwonyeshe nyumba ya zamani iliyofanyiwa hivyo. Kila mji wa mlimani unayo.

Tukija kooni, adui ni masizi, na masizi huletwa na kuni mbichi. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji; iliyo tayari kwa moto inatakiwa ishuke chini ya asilimia 20, na hilo huchukua miezi sita hadi mwaka ikiwa imepasuliwa na kupangwa chini ya kibanda chenye upepo. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yake. Moshi unaotoka ni wa baridi, mzito, na ukigusa kuta za koo unaganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyopoa. Mwanzo ni unga mweusi unaofagilika. Ukiendelea unakuwa magamba. Mwisho unakuwa lami ngumu inayong'aa, inayoitwa kreosoti, ambayo burashi haiwezi kuitoa.

Njombe nimeambiwa mara nyingi kwamba kuni za misindano ndizo zinazoziba dohani kwa sababu ya utomvu, na miwati ndiyo salama. Kinachoziba hasa si utomvu, ni maji na moto uliolazwa. Msindano mkavu unaowaka kwa ndimi ni bora kuliko mwati mbichi unaofuka usiku kucha. Na ule moto mdogo tunaouacha ufukize hadi asubuhi tukidhani tunaitunza dohani ndio unaoijaza lami haraka kuliko wote. Ulaya na Marekani wapo wanaoamini kuchoma maganda ya viazi au chumvi husafisha koo. Njombe viazi havina shida, lakini wapeni ng'ombe hayo maganda. Koo husafishwa kwa burashi.

Lami hiyo ikishika moto, unapata moto wa dohani wenyewe. Unanguruma kama lori linalopanda mlima, na joto linaweza kufika nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi. Watu hukimbilia ndoo. Usimwage maji kooni: yanageuka mvuke ghafla na kupasua kuta ambazo zilikuwa zinawalinda. Funga hewa ya meko kama ina mlango au kile kilango cha chuma cha kuzibia koo, toeni watu nje wote, piga zimamoto, 114 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya. Na moto ukizimika wenyewe, kama unavyofanya wakati mwingine, usiwashe tena mpaka koo likaguliwe. Wengine huishi miezi bila kujua walishaunguza ukuta wa ndani.

Turudi kwa wale waliolala na jiko. Moshi unaouona unakuwasha macho na kukufukuza chumbani. Unaoua ni ule usiouona: kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kila kitu chenye kaboni kinapowaka bila hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na oksijeni inakosa kiti. Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote katika mabishano yetu ya Juni. Mkaa tunauona salama kwa kuwa hauna moshi, kumbe mkaa unatoa hewa hii kwa wingi. Kuuacha "ushike vizuri" nje kabla ya kuuingiza ndani hakuondoi hatari. Kunaondoa moshi tu, yaani kunaondoa onyo.

Dohani nzima inaitoa hewa hiyo nje. Iliyoziba inaimwaga sebuleni, nawe umejifungia ukiamini uko salama kuliko jirani mwenye jiko la mkaa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kulegea. Kwetu mtu anasema malaria inaanza, anameza dawa na kulala karibu na moto. Kitofautishi ni hiki: kama nyote nyumbani mnaumwa kichwa jioni ile ile, na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni na mbaki nje, kisha mwende hospitali mkaseme kulikuwa na moto. Kipo kifaa kidogo cha betri kinachopiga kengele hewa hii ikizidi. Mwenye dohani au jiko la gesi ndani ya nyumba angestahili kukinunua kabla ya televisheni ya pili.

Usidhani haya ni ya wenye sebule zenye meko peke yao. Majiko banifu yenye bomba la bati yamesambaa vijijini, na ni jambo jema: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Ila bomba la bati jembamba linaoza kwa kutu, na masizi hukaa kwenye kiwiko, pale linapokunja kutoka ukutani kwenda juu. Likiziba, mama anayepika anatoa bomba au anafungua pembeni, na jiko banifu linarudi kuwa mafiga matatu ya gharama. Kiwiko kifunguliwe na kufagiliwa mara kwa mara, hata kwa fundo la katani kwenye kamba, na bomba lipite paa badala ya kuishia chini ya upenu, ambako upepo unaurudisha moshi ndani. Anayefagia afunge pua na mdomo, na aoge baada ya kazi. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika jinsi masizi yalivyokuwa yanawapa saratani ya ngozi wasafisha dohani, walioanza kazi hiyo wakiwa watoto wa kutumbukizwa kooni.

Mara ngapi, basi? Kiwango cha Marekani kinataka ukaguzi walau mara moja kwa mwaka. Ujerumani mfagia dohani ni mtu wa sheria, ana eneo lake na huwezi kumfungia mlango. Sisi tuna fundi ujenzi na kalenda ya mvua, na kalenda hiyo inatosha ukiifuata. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, baridi kali ni Juni na Julai. Basi mwezi wako ni Mei. Limuru na Nairobi, ambako masika ni Machi hadi Mei, kazi za juu ya paa zifanywe Januari na Februari, kisha koo lifagiliwe baridi inapobisha hodi. Ukingoja usiku wa kwanza wa baridi, fundi atakuja, lakini ataweka zege leo na wewe utawasha kesho, na zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa. Ukilipiga moto mapema umenunua ufa.

Ya kwangu tuliifanya Mei. Yule mzee alifunga simu yangu kwenye fito ndefu ikiwa inarekodi na taa imewaka, akaipandisha kooni taratibu. Tukakaa barazani kutazama: tofali, tofali, tofali, kisha kiota cha matope na manyoya kimeziba zaidi ya nusu. Kumbe dirisha lilikuwa linatusaidia, lakini halikuwa peke yake kwenye kesi. Alikitoa, akabadilisha flashingi, akamwaga sahani mpya ya zege na kuifunika kwa magunia niliyoyamwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Mwenye nyumba alilipa nusu, akilalamika. Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti tu, katikati ya Juni, dirisha likiwa wazi vidole vinne.